Mmea Umehisi Nini? Mwongozo Kamili wa Kusoma Majibu ya Mimea, Kuanzia Kitaluni Hadi Kihambani

Mgomba uliokunja majani saa saba mchana hauumwi. Pande mbili za jani zimeshuka kama paa la nyumba ili jua lisilipige lote, na ukirudi saa kumi na mbili jioni utalikuta limefunguka lenyewe. Anayekimbilia ndoo mchana ule amepoteza maji na nguvu zake. Lakini jani lile lile likiwa bado limekunjwa alfajiri, hapo kweli kuna shida, na ukichelewa mkungu utakuja mdogo.

Mmea hauna miguu. Jua, upepo, ukame na baridi ya Julai vyote vinaukuta palepale ulipopandwa, kwa hiyo unavijibu kwa mwili wake: unageuza jani, unafunga vitundu, unarefusha shina, unazuia ua lisifunguke. Mengi ya majibu hayo yanaonekana kwa macho, na mengi hutafsiriwa vibaya. Mwongozo huu ni kwa mwenye kitalu, bustani au kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) kati ya Arusha na Moshi, na lengo lake ni moja: kabla hujamwaga maji, mbolea au dawa, ujue mmea umehisi nini.

Kunyauka: angalia saa kwanza

Mzizi ukianza kukaukiwa hutuma homoni juu, na jani hufunga stomata, yale matundu madogo linayopumulia. Maji hayapotei tena kwa kasi, ila jani linapata joto na linaacha kutengeneza chakula. Kulegea kwa jani ni hatua inayofuata.

Chagua mimea mitano, ifunge uzi wa rangi, uikague siku tatu mfululizo: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni.

Ikiwa inalegea mchana tu na jioni imesimama, mizizi ni mizima. Jani limepoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoweza kuleta, basi. Maboga na matango hufanya hivi karibu kila siku ya Februari. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani makavu ya migomba, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina. Maji ya ziada hayahitajiki.

Ikiwa jioni bado imelegea lakini asubuhi imesimama, akiba ya udongo inaisha. Mwagilia kabla ya kesho yake.

Ikiwa asubuhi imelegea, usimwagilie kwanza. Chimba sentimita 15 pembeni ya shina, chota udongo, ukaze ngumi. Ukitawanyika kama vumbi, mwagilia. Ukishikana na kiganja kikabaki na unyevu, tatizo ni mzizi au ugonjwa, na maji zaidi yanaweza kumaliza kazi.

Hapa nyanya hudanganya watu wengi. Nyanya iliyotuamiwa na maji huinamisha majani chini, na mtu wa mbali huapa imekauka. Sogea, ushike kikonyo. Mmea wenye kiu una jani laini linaloning'inia kama kitambaa. Uliozama maji una jani ambalo bado ni gumu, ila kikonyo kimepinda kuanzia pale kinapoungana na shina. Sababu ni hii: mzizi uliokosa hewa hutengeneza malighafi ya gesi iitwayo ethilini, lakini hauwezi kuimalizia bila oksijeni. Malighafi hiyo hupanda na maji hadi kwenye jani, inakutana na hewa, inakuwa ethilini, na upande wa juu wa kikonyo hukua haraka kuliko wa chini. Ndiyo maana kinapinda. Utaliona sana kwenye mfinyanzi mweusi wa tambarare baada ya mvua za masika. Chimba mfereji wa kutoa maji, kina sentimita 30, acha kumwagilia mpaka sentimita 5 za juu zikauke, na msimu ujao panda juu ya matuta ya sentimita 20 hadi 30. Kumwaga mbolea ya yurea wakati huo ni hasara tupu, kwa sababu mzizi usiopumua hauli.

Kama udongo una unyevu wa kawaida na mche umenyauka wote ndani ya siku mbili tatu majani yakiwa bado kijani, shuku mnyauko bakteria. Kipimo chake hakigharimu kitu. Kata shina karibu na ardhi, chukua kipande cha sentimita 6, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi ncha ya chini ikiwa imezama kidogo tu. Tulia, usitikise. Ukiwepo ugonjwa, ndani ya dakika 3 hadi 5 utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye ncha. Ng'oa mmea na mizizi yake, uchome, usiuweke kwenye mboji. Usipande nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hapo kwa miaka isiyopungua 3. Na kama maji yako yanatoka kwenye mfongo (mfereji wa umwagiliaji) uliopita shamba lenye ugonjwa huo, jua kwamba hupokei maji peke yake.

Neno moja juu ya kina cha maji. Mizizi hukua kuelekea kwenye unyevu. Ukinyunyiza kidogo kila jioni, mizizi inakaa juu, na siku moja ya jua kali inatosha kuilegeza bustani nzima. Dumu moja la lita 20 kwa kila mita ya mraba, mara mbili kwa wiki, huishusha mizizi ya nyanya kuliko kikombe cha kila siku. Kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano gawa mara tatu. Maji yanayokuja kwa pupa kisha yakapotea wiki nzima ndiyo chanzo kikuu cha nyanya kuoza kitako, hata pale ambapo udongo una kalisi ya kutosha.

Mwanga: miche mirefu, myembamba, iliyolala

Mbegu ikiota gizani huweka akiba yake yote kwenye urefu. Shingo inanyooka, majani yanabaki madogo na ya njano, kichwa kimejikunja kama ndoano ili kisichubuke na udongo. Kwa mche, giza maana yake ni "bado niko chini, endelea kupanda." Ukisahau nyasi juu ya kitalu kwa siku mbili baada ya kuota, mche unaamini bado umefukiwa. Shingo iliyorefuka hairudi.

Kwa kitalu cha nyanya fanya hivi:

1. Tengeneza tuta la upana wa mita 1. Chora mistari kila sentimita 10 hadi 15, kina sentimita 1, sia mbegu mojamoja badala ya kumwaga.
2. Funika kwa nyasi kavu nyepesi, mwagilia asubuhi kwa keni yenye matundu madogo.
3. Kuanzia siku ya 4 inua nyasi kila asubuhi, uangalie. Moshi penye joto nyanya huota siku ya 5 hadi 8, na Arusha wakati wa kipupwe zinaweza kupita siku 10.
4. Ukiona ndoano za kwanza, ondoa nyasi zote jioni hiyo hiyo. Usiziondoe saa sita mchana, jua litaunguza miche laini. Weka kichanja cha kivuli chepesi, urefu wa mita 1, kinachopitisha mwanga zaidi ya nusu.
5. Punguza miche ibaki sentimita 2 hadi 3 kati ya mmoja na mwingine kabla majani hayajagusana.

Hatua ya 5 ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo yenye sayansi nzuri zaidi. Jani hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia ule wekundu wa mbali ambao macho yetu karibu hayauoni. Mmea una rangi maalumu iitwayo fitokromu inayopima uwiano wa hizo mbili. Mwanga uliogonga jani la jirani ukarudi huwa na wekundu wa mbali mwingi, na mche unatambua kwamba kuna mshindani hata kabla kivuli chake hakijaufikia. Unaanza kurefuka mapema, unanyima mizizi. Kwa hiyo kitalu kilichosongamana hutoa miche dhaifu hata chini ya jua kali na mbolea tele. Ni hivyo hivyo kwa maharage yaliyopandwa chini ya migomba mizito: marefu, na maganda machache.

Miche ya trei iliyowekwa dirishani huinamia upande wa mwanga. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha kwamba sehemu inayoona mwanga si ile inayopinda: ncha ndiyo inayoona, chini yake ndiko kunakopinda. Baadaye ikafahamika kwamba homoni iitwayo oksini hukusanyika upande wenye giza na kuurefusha. Unaweza kuhakikisha nyumbani. Otesha punje 12 za mahindi kwenye kopo ndani ya boksi lenye giza. Machipukizi yakifika sentimita 2, yakiwa bado kwenye ala, vika sita kofia ndogo za karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, milimita 5 tu juu. Toboa boksi tundu moja ubavuni, liache karibu na dirisha kuanzia asubuhi hadi mchana. Yasiyo na kofia yatakuwa yameelekea tunduni. Yenye kofia yamesimama wima. Watoto wa shule hawalisahau zoezi hili. Kwa trei zako za kuuza, dawa ni kuzitoa nje. Kuzigeuza nusu duara kila asubuhi husaidia tu kama huna namna.

Kama nyanya imekwisha kurefuka, bado inaokoleka: ipande kwa kina hadi karibu na majani ya kwanza ya kweli, kwa sababu shina lake hutoa mizizi. Kwa pilipili hoho usitegemee hila hiyo.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza kivuli kidogo kidogo na ongeza muda kati ya maji mpaka majani yalegee kidogo mchana. Mche uliozoeshwa una jani nene zaidi, wakati mwingine lenye zambarau kwa chini. Haupendezi kama ule wa kivulini, na wanunuzi huuponda sokoni, lakini ndio unaosimama.

Saladi ina mambo yake. Mbegu zake nyingi huhitaji mwanga ili ziote, na udongo ukizidi takriban nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi hulala usingizi. Wanaosia Moshi Januari, wakazifukia sentimita 1, kisha wakalaumu duka la pembejeo, wamekosea mara mbili. Sia jioni, funika kwa udongo mwembamba kama vumbi, weka kivuli siku 3 za mwanzo.

Viazi vya mbegu navyo huisoma taa. Gizani hutoa vikonyo virefu vyeupe vinavyokatika ukivigusa. Kwenye chanja zenye mwanga hafifu, safu mbili au tatu tu, hutoa vichipukizi vifupi, vinene, vya kijani au zambarau. Hivyo ndivyo unavyotaka. Viazi vya kula ni kinyume chake: vikikijani vimetengeneza sumu, visiliwe.

Kuguswa na upepo

Kifauongo kila mtu anakijua: ukikigusa kinajifanya kimekufa. Kwenye maungio ya jani kuna kifundo cha seli zilizojaa maji, maji yakihama upande mmoja jani linaanguka. Maharage yana kifundo cha namna hiyo hiyo, na ndicho kinachoyafanya yageuze majani ukingo kwa jua mchana na kuyashusha usiku. Mwaka 1729 Mfaransa de Mairan alifungia kifauongo gizani, akaona majani yanaendelea kufunguka na kufunga kwa ratiba yake. Mmea una saa ndani.

Kwa mkulima, faida iko kwenye miche. Inayotikiswa na upepo hukua mifupi na minene. Kama kitalu chako kiko ndani ya nailoni, pitisha ufito laini au kadibodi juu ya miche ya nyanya mara kama 10 kila asubuhi, umande ukishakauka. Majani yakiwa yamelowa usiguse, utasambaza magonjwa.

Urefu wa siku: kwa nini kitunguu cha Ulaya hakivimbi hapa

Arusha na Moshi ziko karibu nyuzi 3 na nusu kusini ya ikweta. Kati ya siku ndefu ya Desemba na fupi ya Juni tofauti haifiki nusu saa. Sisi hatuoni. Mimea inaona.

Kitunguu huanza kuvimba siku ikifikia urefu ambao aina yake inautaka. Aina za siku fupi huridhika na takriban saa 11 hadi 12, na ndizo zetu: Red Bombay, Red Creole, Texas Grano, na mbegu nyekundu za Mang'ola kule Karatu. Aina za siku ndefu husubiri saa 14 au zaidi, ambazo hapa hazitakuja kamwe. Mbegu ya pakiti nzuri iliyoletwa kama zawadi kutoka Uholanzi inaweza kukupa majani mazuri ya kukaangia mayai, na shingo nene bila kitunguu. Kabla ya kununua, soma pakiti, utafute maneno yanayotaja siku fupi. Yasipokuwepo, acha. Na hata kwa aina sahihi, naitrojeni ya kuchelewa hunenepesha shingo, kwa hiyo maliza kuweka yurea kabla ya wiki ya 6 tangu kuhamisha miche.

Ua la krisanthemamu ni hadithi iliyogeuzwa: hutoa maua usiku ukiwa mrefu, na usiku wetu wa saa 12 unatosha mwaka mzima. Mwenye kuuza vipandikizi hataki maua, anataka machipukizi. Ndiyo sababu kwenye mabanda ya vipandikizi hivyo taa huwashwa katikati ya usiku, ili mmea uhesabu usiku mfupi miwili badala ya mmoja mrefu.

Kahawa: ua linalosubiri mvua

Hapa ndipo kusoma mmea kunapolipa zaidi. Arabika hutengeneza vichipukizi vya maua kwenye vifundo vya matawi, vinakua hadi ukubwa wa punje ya mchele, kama milimita 5, kisha vinasimama. Vinalala. Kinachoviamsha ni kiu ikifuatiwa na maji mengi ya ghafla. Mvua ya kutosha ya vuli ikipiga baada ya kiangazi, vichipukizi huvimba na siku 8 hadi 10 baadaye kihamba kizima ni cheupe na kinanukia. Siku mbili tatu, maua yamenyauka.

Ukiwa na maji ya kumwagilia unaweza kuharibu mpango huu bila kujua. Kahawa inayopewa maji kidogo kidogo kiangazi chote haipati kiu ya kulaza na kuamsha vichipukizi pamoja. Inachanua leo tawi hili, wiki ijayo lile. Matokeo yake tawi moja lina ua, tunda bichi na tunda jekundu. Unalipa wavunaji mara nyingi, na punje changa za kushambuliwa na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) zipo miezi mingi, kwa hiyo na dawa unapiga mara nyingi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mwanzoni mwa Septemba kagua miti 10 iliyotawanyika, tazama vifundo vya matawi ya mwaka huu. Kama vichipukizi vingi bado ni vidogo kuliko punje ya mchele, kukata maji hakuna maana, subiri. Vikifikia ukubwa huo, simamisha maji wiki 3 hadi 4. Mpaka wako ni ule ule wa mwanzo: majani yakiwa yamelegea alfajiri, kiu imezidi. Miti iliyo chini ya miaka 3 usiifanyie hivi kabisa. Kisha mwagilia mara moja kwa nguvu, madumu 2 hadi 3 ya lita 20 kwa mti, yaenee chini ya matawi yote na si shinani tu. Zamu yako ya mfongo ikiwa fupi, bora ushibishe nusu ya shamba leo na nusu zamu ijayo kuliko kulilowanisha lote juujuu. Endelea kumwagilia kila baada ya wiki 2 hadi vuli ishike, kwa sababu punje changa zikikutana na ukame hupukutika. Maua yakiwa wazi usipulize dawa za wadudu, nyuki wako kazini.

Manyunyu ya vuli yanayokuja kidogo kisha yakakatika kwa joto huleta kitu wakulima wa kahawa hukiita maua nyota: petali ndogo, ngumu, za kijani, zisizofunguka vizuri. Hayatungi. Ukiyaona, mwagilia haraka kuokoa vichipukizi vilivyobaki, na mwakani angalia kivuli chako. Kahawa iliyoachwa uchi baada ya migomba kung'olewa ndiyo inayoumia kwanza. Kwa aina mpya na ratiba za dawa, wataalamu wa TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) wako Lyamungu, si mbali.

Kuvundika: gesi ile ile tena

Ethilini iliyopinda kikonyo cha nyanya ndiyo inayoivisha ndizi. Mwaka 1901 Mrusi Dimitry Neljubow aligundua kuwa ethilini iliyokuwa kwenye gesi ya taa ndiyo iliyopotosha miche yake ya njegere. Bibi aliyevundika ndizi kwa moshi alikuwa akiitumia gesi hiyo hiyo, kwa kuwa moshi unayo.

Kata mkungu pembe za ndizi zikishaanza kuwa mviringo. Tenganisha vichane, acha utomvu ukauke, panga kwenye boksi la kadibodi na mapasheni 3 yaliyoiva au parachichi moja laini kwa kila vichane viwili. Funga usiku na mchana mmoja, fungua dakika 20 hewa ibadilike, kwani hewa chafu ya ndani huzuia kuiva. Rudia. Zikianza kubadilika rangi, toa matunda ya kichocheo, kwa sababu zimeshaanza kuzalisha ethilini yake zenyewe.

Nyuzi 15 hadi 20 ndizo nzuri. Chumba chenye bati tupu Moshi mwezi wa pili huzidi 30, na ndizi hulainika ndani ganda likiwa bado kijani, kwa hiyo weka boksi sakafuni chumba kisichopigwa jua la alasiri. Chini ya nyuzi 13, yaani kwenye friji, ganda la ndizi mbichi huwa jeusi na haiivi vizuri tena. Kabidi (kalsiamu kabaidi) usiitumie. Gesi yake huiga ethilini, lakini ile ya kiwandani huwa na mabaki ya arseniki na fosfini.

Ukipakia kirikuu kwenda soko la Kilombero, Arusha, au la Mbuyuni, Moshi, usichanganye maparachichi yaliyoiva na kabichi au karoti chini ya turubai moja. Kwa safari ya saa moja hakuna neno. Zikilala humo usiku, kabichi huanza kuachia majani, na karoti zikikaa siku kadhaa huwa chungu.